Nyumba Iliyopigiwa Makofi

Kama uliwahi kuhudhuria harusi ya Waswahili Stockholm miaka ile ya elfu mbili na kitu, ukala pilau kwenye sahani ya karatasi na kuondoka na kipande cha keki mfukoni mwa koti, basi Severin unamjua. Ndiye yule MC wa suti ya kijivu aliyeshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kukimbia. Kabla ya kumruhusu bibi harusi aingie ukumbini, alikuwa keshamtambua mwenyekiti wa kamati, makamu wake, mchungaji, padri, shehe kama yupo, wageni kutoka Uppsala, wageni kutoka Gothenburg ("hawa wamekuja kwa treni, jamani, wapigieni makofi, treni si mchezo"), wapishi, na mwenye ukumbi, Mswidi wa watu, aliyesimama mlangoni na funguo zake akimwomba Mungu ambaye hata hamwamini. Bibi harusi yuko nje kwenye theluji. Wako waliopata mafua. Lakini hakuna aliyewahi kulalamika, maana harusi isiyo na itifaki ni nini? Ni watu wenye njaa waliovaa vizuri.

Siku za kazi alikuwa dereva wa basi, akizunguka Tensta na Spånga. Aliishi Husby, ghorofa ya tatu, na mkewe Agripina, aliyeshinda akiwaogesha wazee wa Kiswidi majumbani kwao, na binti yao Kelly, ambaye Kiswahili alikielewa chote na kukijibu kwa Kiswidi.

Kabla ya basi kulikuwa na tanuru. Severin alikuwa kijana wa Ngara, Tanzania, mwenye alama nzuri za hesabu, na Serikali ikampeleka Ujerumani Magharibi, mji wa Duisburg, akajifunze kuyeyusha chuma, ili akirudi ayeyushe chuma cha milima ya Liganga, kusini mwa nchi. Chuma cha Liganga kilikuwa kinakaribia kuchimbwa. Kikaendelea kukaribia. Severin akabaki Duisburg akikisubiri, na kwa kuwa kusubiri nako kunahitaji chakula, akaajiriwa kwenye tanuru.

Nchi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mji umeshikana na mji, Duisburg, Oberhausen, Essen, Bochum, hujui umetoka huu umeingia ule mpaka uone tramu imebadilika rangi. Chini makaa, juu moshi, katikati watu. Tanuru likitobolewa usiku mbingu inageuka nyekundu, na wageni wanadhani ni mwisho wa dunia, kumbe ni zamu ya pili. Severin alipanga chumba kwa mjane wa mchimba makaa, Bibi Kaczmarek, mwenye jina la Kipolandi na ulimi wa pilipili, aliyekuwa haloweki nguo kabla ya kuchungulia moshi unaelekea wapi. "Leo unaenda kwa Wakatoliki," angesema kwa furaha, "tufue!"

Kisha tanuru likazimwa. Wanaume waliozoea kuamka alfajiri wakaendelea kuamka alfajiri, wakaenda kusimama kwenye kibanda cha bia. Na baada yao wakaja watu wa mipango, wenye miwani mizuri na ramani kubwa, wakasema zile nyumba za safu za wachimba makaa zimechoka, zibomolewe. Mtaa wa pili ulipeleka wawakilishi waungwana, wakazungumza vizuri, wakapeana mikono. Ukawa maegesho ya magari. Mtaa wa Bibi Kaczmarek haukupeleka mtu. Wajane walitoa viti vyao vya jikoni, wakaviweka katikati ya barabara mbele ya katapila, wakakata keki, wakakaa. Severin ndiye aliyekuwa anabeba viti. Walikaa wiki nzima, wakala keki nyingi, na nyumba zikabaki.

Haya aliyaona kwa macho yake. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba, likija kumkuta yeye, atajua la kufanya.

Stockholm alikuja kwa sababu ya Agripina, aliyekutana naye kwenye harusi Hamburg ambako yeye alikuwa MC na Agripina msindikizaji wa bibi harusi, mmoja wa waliopata mafua.

Mwaka 2009 ndipo likamkuta. Kampuni ya nyumba ilitangaza kwamba jengo lao limechoka. Agripina alilitazama jengo, akajitazama na yeye kwenye kioo cha lifti, akasema, "Mbona mimi nimechoka zaidi na hakuna anayenibomoa?" Kampuni ikaeleza kuwa jambo halijaamuliwa. Kutakuwa na mazungumzo. Kila jengo litaleta msemaji, na kila msemaji atapewa dakika tatu.

Wapangaji wanaozungumza Kiswahili wakakutana kwenye chumba cha kufulia cha chini ya jengo, kwa sababu ndicho pekee chenye nafasi na joto, huku mashine ya mtu ikizungusha mashuka. Concessa, Mrundi wa ghorofa ya kwanza, msusi na mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, alisimama kabla hajaitwa.

"Mnipe mimi. Dakika tatu za nini? Nitasema neno moja: hatutoki. Halafu nakaa."

Okech, Mkenya wa ghorofa ya tano, akakohoa.

"Dada Concessa, hapo si utakuwa umewatukana?"

"Nimewatukana wapi? Nimesema hatutoki."

"Hivyo hivyo tu? Bila hata hamjambo?"

Wote wakakubaliana kwamba Concessa ni mama mzuri, ana moyo, ila hana itifaki. Jambo zito linataka mtu mzito. Tena Severin yuko hapa, kazi ya midomo anaijua, na kule Ujerumani aliona jinsi nyumba zilivyookolewa. Nani mwingine? Wakampigia makofi, mashine ikalia kumaliza mashuka, na ikawa imepita.

Severin alijiandaa kweli. Alipanga kusema yale ya viti na keki na maegesho ya magari, halafu amalize kwa sauti ya chini: sisi hatutaki. Agripina alimsikiliza jikoni mara kadhaa akalia kidogo. Kelly alisikiliza akiwa kwenye simu.

"Pappa," alisema bila kuinua macho, "börja med slutet." Yaani, baba, anzia mwisho.

"Anzia mwisho? Mimi ni kaa, nitembee kinyumenyume?" aliuliza Severin.

"Mama Kelly," alimwambia mkewe, "huyu mtoto tumemlea kwenye baridi sana."

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Mwendesha mkutano wa kampuni alikuwa Ylva, mama wa makamo mwenye kitambaa cha sufu shingoni na tabasamu ambalo halikuwa na swichi ya kuzima. Mezani palikuwa na kahawa, mikate ya mdalasini, na saa ya jikoni yenye umbo la yai, ile ya kuchemshia mayai, ambayo Ylva aliitekenya ili kila mtu acheke na ajue kwamba hapa watu wote ni sawa.

Kwanza mtaalamu wa kampuni akaonyesha picha ukutani, za mahali ambako, alisema, mabadiliko yaliletwa kwa moyo. Akabonyeza. Duisburg! Tanuru la Severin lilitokea ukubwa wa ukuta mzima, limemulikwa kijani na zambarau. Mtaalamu akaeleza kuwa sasa hapo ni bustani. Watu wanapanda kuta za mabohari ya mawe ya chuma kwa kamba, kwa starehe. Ndani ya tangi la gesi wamejaza maji, watu wanapiga mbizi.

"Wanatafuta nini humo?" aliuliza Concessa kwa sauti.

"Utulivu," alisema mtaalamu.

Severin hakusikia. Miaka aliyotema masizi pale, na sasa pamekuwa pasafi hivi.

Zamu yake ikafika. Ylva akazungusha lile yai. Severin akasimama, akafunga kifungo cha suti, na kile kitu kilichomo ndani yake, kinachoamka kila anapoona watu wamekaa kwenye safu, kikaamka.

"Mheshimiwa mwenyekiti wa mkutano, dada yetu Ylva," alianza kwa Kiswidi chake cha polepole. "Waheshimiwa wataalamu. Bwana wa projekta. Ndugu yetu aliyefungua ukumbi. Akina mama waliooka mikate, kama wapo. Wapangaji wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

Maneno hayo ya mwisho yalibuniwa ili mtu asitaje orodha. Severin huyasema akishaimaliza.

"Kabla sijasema lolote, naomba nishukuru."

Na akashukuru. Alishukuru kwa kahawa. Alishukuru kwa mwaliko. Alimshukuru Ylva kwa kuacha familia yake na kupanda treni ya bluu mpaka Husby. Msimcheke. Kwao, ukitaka kumkatalia mtu mkubwa, unamsifu kwanza, unamsifu mpaka aone haya kukulazimisha, ndipo unamwekea hapana yako taratibu miguuni kama zawadi. Bibi Kaczmarek angeweza kumwambia kuwa kuna watu hawaoni haya. Lakini Bibi Kaczmarek alikuwa keshazikwa.

"Na hizi picha!" aliendelea Severin, akigeukia ukuta. "Tanuru hili nimelifanyia kazi mimi. Wakati wangu lilikuwa na masizi hata mama yake asingelitambua. Leo limeoga, limepakwa rangi, limependeza kama bibi harusi! Hongereni sana. Jamani, tuwapigie makofi."

Wapangaji wakapiga makofi. Wangefanyaje? MC ameomba.

"Mwisho wa utangulizi, niwatambulishe wenzangu. Naomba msimame wawaone. Simameni, simameni. Mama Concessa, simama usiogope. Pungeni mkono!"

Walisimama safu mbili nzima, wakapunga. Hata Concessa alipunga, ingawa kwa uso wa mtu anayefukuza nzi. Kijana wa kampuni mwenye kamera akapiga magoti ili awapate wote.

"Ahsanteni, kaeni," alisema Severin, akashusha sauti, akaegemea mbele. Agripina akashika mkoba wake kwa nguvu, maana alijua sasa ndipo linakuja lile la hatutaki. "Baada ya kusema hayo machache, naomba sasa niingie kwenye…"

Yai likalia.

"Tack!" alisema Ylva, yaani ahsante, macho yamemlowa kweli. "Tack snälla Severin! Raha iliyoje kumsikia mpangaji anayezungumza kwa moyo mkunjufu namna hii!"

"Lakini sijaanza," alisema Severin.

Ukumbi mzima ukacheka kwa upendo. Ylva naye alicheka, akamshika bega, na msemaji wa jengo la pili alikuwa keshasimama. Severin alibaki na mdomo wazi na tabasamu lake la kazi bado limo usoni, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kufundishwa namna ya kulitoa mbele za watu.

Nje, Concessa alikuwa anamsubiri.

"Mzee, umetuuza kwa mikate ya mdalasini!"

"Nilikuwa nafika, dada."

"Unafika wapi? Wewe ungefika Krismasi! Umewaambia wamependeza. Umetusimamisha tuwapungie! Mana yanje, Mungu wangu, nimewapungia kwa mkono wangu huu!"

"Utangulizi ulikuwa unaisha."

"Nyumba ndiyo inaisha!"

Usiku Agripina alimwekea ugali, akaona haugusi. "Baba Kelly, kula. Hata posa yangu ulijieleza mpaka marehemu baba akasinzia. Alipozinduka akasema sawa, ili tu uache."

"Basi ilifanya kazi."

"Ndiyo. Baba yangu alikuwa binadamu mmoja. Hii ni kampuni, hailali."

Baada ya wiki chache yakatoka mabango. Picha ile: safu mbili za Waafrika wakipunga mikono kwa furaha, Severin mbele amenyoosha mkono kama anayefungua daraja, na juu yao maandishi makubwa kwa Kiswidi, kwamba Husby iko tayari. Bango moja lilibandikwa kituo cha treni. Jingine lilibandikwa ubavuni mwa basi. Ungesema mabasi ya Stockholm ni mengi, lingeangukia lolote. Severin alifika gereji asubuhi, akatembea kulizunguka basi lake kukagua matairi kama kawaida, akakutana na yeye mwenyewe, meno yote nje, urefu wa mita kadhaa. Alimwomba msimamizi ampe gari jingine. Msimamizi akasema hongera. Basi akapanda akaliendesha, Tensta, Spånga, Tensta, akiwa ndani mwenye huzuni na nje mwenye furaha, na abiria wakawa wanampigia honi za mdomo.

Alikwenda ofisini kwa Ylva, mjini. Njiani alijizuia salamu. Alipoingia alisema wima, bila hata habari za asubuhi, jambo lililomtoa jasho, "Hatutaki jengo letu libomolewe."

Ylva alilaza kichwa upande mmoja. "Tack, Severin. Ni vizuri sana kwamba unathubutu kusema."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imesikika."

Akampa kahawa, na akamwingiza kwenye kikundi cha ushauri cha wakazi. Kilikuwa kinakutana mara kwa mara kuzungumzia rangi ya madawati ya bustani itakayokuwa mahali pa jengo lao. Kila kikao Severin alisema hatutaki, kila kikao akashukuriwa. Mara moja alimchukua Concessa, akamwachia nafasi yote. Concessa akasimama na kulisema lile neno lake, kwa ile sauti inayotetemesha vioo vya kanisa: hatutoki! Kikundi kizima kikageuza viti kumtazama. Severin akadhani hii sasa imeingia.

"Nguvu gani hiyo!" alisema Ylva, mkono kifuani. "Tunaihitaji nguvu kama hiyo kwenye mchakato."

Concessa alikaa. Kwenye treni ya kurudi alimpisha mtu kiti bila kugombana, na watu waliomjua walidhani anaumwa.

"Mzee," alisema walipofika Kista, "siku ile hata ningesema mimi…"

"Ndiyo, dada."

"Usiniambie ndiyo. Nataka niendelee kukulaumu wewe. Kidogo inasaidia."

Ilibaki dawa moja, na Severin aliijua. Viti. Machi ilipoingia alipita mlango kwa mlango, na Jumatatu asubuhi wakatoa viti vya jikoni, wakavipanga mbele ya jengo kwenye barafu iliyoanza kulegea. Agripina alioka keki. Concessa alikuja na blanketi, Okech na thermosi. Palipendeza. Kwa muda Severin alikuwa tena kijana wa Duisburg mwenye kiti kila mkono.

Kisha Agripina akatazama saa. Kulikuwa na mzee Solna anayesubiri kuogeshwa. Concessa alikuwa na kichwa cha mtu cha kusuka saa nne. Okech alikuwa anasafisha ofisi mchana. Mmoja mmoja wakanyanyuka, wakiomba radhi, wakikimbilia treni, na keki haijakatwa nusu. Hapo ndipo Severin alipoelewa jambo ambalo hakuliona ujanani: wale wajane walikuwa na pensheni, na wanaume wa mtaa ule walikuwa wamefukuzwa kazi. Ili uzuie katapila unahitaji watu wasio na pa kwenda. Husby ilijaa watu wenye zamu.

Alibaki peke yake katikati ya viti vitupu mpaka Ylva alipotokea, mashavu mekundu kwa baridi na furaha.

"Severin! Mmefanya nini hapa? Hiki ndicho tunachokitafuta, watu kukaa nje pamoja!"

"Ni mgomo," alisema Severin.

"Ni mzuri sana," alisema Ylva, akakaa kwenye kiti cha Concessa, akala keki. Wiki iliyofuata kampuni ilileta viti vyake, vya mbao, imara kuliko vya kwao, na blanketi zenye nembo.

Wapangaji walihamishwa kwa awamu. Concessa alipelekwa Tensta, mbali na wateja wake. Okech alikwenda kusini kabisa, kwenye treni ya rangi nyingine, akapotea kama watu wanavyopotea wakibadilisha rangi ya treni. Severin na Agripina walipewa Akalla, kituo kimoja tu mbele, nyumba nzuri, kodi imeongezeka, jikoni hakuna dirisha. Agripina alichukua zamu za wikendi. Katapila lilikuja lilipokuja. Severin alikuwa barabarani na basi, akaambiwa na abiria.

Mialiko ya harusi ilipungua. Si kwamba watu walimchukia. Ila akina mama wa kamati walianza kusema wanataka MC kijana, mwenye muziki kwenye kompyuta, anayekwenda moja kwa moja.

Mwaka 2012 Ylva alimpigia simu. Kulikuwa na ugeni kutoka bonde la Ruhr, kule kule kwenye Duisburg yake, vijana wa ofisi za mipango miji, wanakuja kujifunza jinsi Husby ilivyobadilishwa kwa kuwashirikisha wakazi. Angeweza kuwapokea? Si anajua Kijerumani?

"Usiende," alisema Agripina.

"Nikikataa watampata mwingine asiyejua chochote."

"Na wewe unayejua, utawaambia nini?"

Akavaa suti ya kijivu, akaenda. Wageni walisimama kwenye bustani kati ya madawati ya kijani, wakipepesa macho kwa upepo, watoto wazuri wenye mabegi mgongoni. Severin aliwasalimia kwa Kijerumani cha zamani cha kiwandani, chenye matusi mawili matatu ambayo hakujua kuwa ni matusi, na wao wakacheka kwa furaha kusikia lafudhi ya babu zao kwenye mdomo wa Mwafrika. Msichana mmoja alimuuliza anaishi hapa hapa?

Severin alinyoosha kidole juu hewani, usawa wa ghorofa ya tatu, mahali ambapo njiwa mmoja alikuwa anapita bila kugonga kitu.

"Pale," alisema. "Jikoni ni kushoto kidogo."

Wageni wote wakainua vichwa, wakatafuta. Msichana akainua kamera, akaishusha, akamtazama.

"Umewaambia nini?" aliuliza Ylva kwa Kiswidi, akitabasamu, tayari kushukuru.

Severin alimtafsiria, neno kwa neno, pamoja na jikoni.

"Tack, Severin," alisema Ylva, na akawaongoza wageni kwenye madawati.